Kibanzi Chini ya Ukucha

Kidole gumba cha Marit kilikuwa kimevimba kama soseji ya kwao Ujerumani, na mama mwenyeji alikiona alipokuwa akimkatia jibini.

"We mtoto, umechomwa na nini?"

"Si kitu, mama."

Jioni ile vijana wa miji miwili pacha iliyofunga urafiki, mmoja wa Ujerumani na huu wa Ufaransa, wangepiga muziki mbele ya mameya wao, ambao matumbo yao yalikuwa yameshatangulia kufika ukumbini. Nafasi ya kupiga klarineti, ile zumari ndefu nyeusi, peke yake mbele ya wote alipewa binti wa nyumba hii, aliyemwachia Marit kitanda akalala kwenye kochi. Asubuhi aliukuta ulimi wa klarineti yake, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachopulizwa, umemeguka ncha.

Marit, mpiga klarineti wa pili, ndiye aliyeumega usiku, kwa gumba hilo hilo.

"Basi utapiga wewe, shoga," binti alisema, akicheka ili asilie. "Si mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Mama akaleta kibano. Marit akakunja ngumi.

"Mwoga huyo! Tumwite meya akushike miguu?" Binti akauweka mezani ulimi wake mbovu, akawasha taa ya simu ili mama aone vizuri.

Kibano kikavuta. Kibanzi kikatoka, cha manjano, chembamba kama unywele, na mama akakilaza mezani kando ya ule ulimi wa rangi ile ile.

Pumzi moja ingekipeperusha, na Marit alikuwa na mapafu ya kuzungusha kinu cha upepo. Akafumba mdomo, akaiacha taa imulike.