Puli Kubwa

Hemedi aliingia gereji akiburuta mguu wa kulia uliolegezwa na kiharusi, akamkabidhi mkewe, Mwanahawa, puli kubwa ya supachaja.

"Nifungie hii, Mama Nuru."

Mwanahawa ndiye aliyekuwa fundi wake tangu alipoanza mashindano ya magari. Ndiye aliyemfungia puli ndogo, iliyozungusha supachaja kwa kasi na kuishindilia injini hewa, mpaka mji mzima ukakosa wa kumfikia. Puli kubwa ingeizungusha polepole. Hewa ingepungua, na nguvu nayo.

"Nikiifunga, Baba Nuru, hutamshinda mtu tena."

"Najua. Lakini mguu huu hauiwahi breki."

Mwanahawa akainamia injini, akalegeza mkanda, akachomoa puli ndogo na kuifunga kubwa. Kazi ilipokwisha alikawia kuinua uso. Hemedi akaingia garini, akazungusha ufunguo.

Gari likawaka bila ule mlio wake mkali.

"Limepoa," Hemedi akasema, akijaribu kutabasamu.

Akatoka nalo taratibu. Mwanahawa alisimama mlangoni akimtazama. Nyuma ya gari alikuja muuza maziwa juu ya baiskeli, madebe yakigongana. Hemedi akasogea pembeni, akatoa mkono dirishani, akamwashiria apite.