Mia Moja Themanini na Tano

Kwa mara ya tatu tangu asubuhi, Des alijaza puto mvuke, akaliweka mdomoni mwake mwenyewe, akavuta.

Coral alikuwa jikoni akikaanga chopsi za kondoo, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo hakuna kilichompita. Mashine ilinguruma juu ya meza ya sebuleni, kidude cha chuma chenye umbo la pia. Unatia bangi ya daktari iliyosagwa, unachagua joto, jani linapashwa bila kuungua na mvuke wake unajaa kwenye puto la nailoni. Basi. Mtu mwenye akili timamu angeimaliza kazi hiyo kabla birika halijachemka. Lakini Des alikuwa Des. Tangu Coral ashuke kwenye basi la Adelaide jana na kufika hapa Broken Hill, mji wa migodi, shemeji yake hakuwa amefanya lolote ila kujilaza kwenye kochi na kubonyeza vitufe.

"Mia mbili na kumi ni kali," Des alisema, akikohoa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. "Koo linawaka moto."

"Shusha, mpenzi," Marcia alimwambia kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Jaribu mia moja tisini na tano."

Mpenzi! Coral aligeuza chopsi kana kwamba anazichapa. Mdogo wake hakuwa amesimama kwa miguu yake tangu gari lilipopinduka nao kwenye barabara ya Silverton. Des ndiye aliyeshika usukani, naye alitoka na mchubuko wa kidevu. Sasa hata dawa, anaivuta yeye. Eti anaonja.

"Shemeji," aliita, "kuonja gani huko? Mbona puto linakwisha?"

"Natafuta penyewe, Coral. Chini sana, hakuna kitu. Juu sana, kichwa kinazunguka."

"Maskini wee. Pole na kazi."

Des alicheka kidogo. "Ahsante. Naona ulimi wako bado haujastaafu."

"Dada," Marcia alianza, "kuna jambo tulitaka kukwambia ukishapumzika..."

"Nina macho, Marcia. Sihitaji kuambiwa."

Des alimtazama mkewe, akatikisa kichwa, na Marcia akanyamaza.

Ndivyo alivyomfundisha, Coral aliwaza. Akitikisa kichwa, mke anafunga mdomo. Na ni huyo huyo mke asiyeweza kusimama aliyejisukuma mpaka uani asubuhi kuanika shuka, huku bwana mkubwa amelala, uso kaugeuzia ukutani. Miaka yote ile mgodini, na leo suruali ameifunga kwa kamba. Ameshindwa hata kununua mkanda! Baba yao aliliona hilo mapema, akasema, Marcia hakusikia.

Alipakua. Chopsi, viazi vya kuponda, njegere na mchuzi. Marcia alisogea mezani. Des naye alikuja, akishika ukuta, akaitazama sahani kama aliyeandaliwa kokoto.

"Baadaye," alisema, akaisukuma.

"Haikufai?" Coral aliuliza. "Nikuchinjie kuku?"

"Siyo hivyo, shemeji. Chakula kizuri. Baadaye."

Akairudia mashine yake, akaibeba mpaka mezani, akaichomeka karibu na mtungi wa maji. Coral alimwangalia akibonyeza, namba zikishuka moja moja. Mia moja themanini na tano. Puto likavimba taratibu. Des akavuta pumzi ndogo, akaizuia, akaiachia. Safari hii hakukohoa. Akavuta tena, macho amefumba.

"Vipi?" Marcia alimnong'oneza.

Des aliivuta sahani, akakata kipande kidogo cha chopsi, akatafuna kwa muda mrefu, akameza. Akatulia, mkono tumboni, kama anayesikiliza kitu. Kisha akakata kingine. Kisha akaweka uma pembeni na kushika mfupa kwa vidole, mafuta yakimchuruzika kidevuni, akikoroma kwa utamu kama mbwa aliyeokota mnofu.

Puto lilikuwa kando ya kiwiko chake, nusu yake bado imejaa.

Marcia hakuwa ameigusa sahani yake. Akaziba mdomo kwa leso, na machozi yakaanza kumbubujika.

Hapo Coral akafika mwisho. Alisimama hadi kiti kikaanguka nyuma yake.

"Huna haya!" alimfokea Des. "Umemvunja miguu, umemfanya mtumishi wako, na sasa unakaa hapo unashiba na kulewa dawa yake, yeye anaumwa mpaka analia mbele yako! Wewe ni mtu gani?"

Des aliganda, mfupa mkononi.

Coral alilinyakua puto, akazunguka meza na kumsogezea mdogo wake mdomoni. "Vuta, Marcia. Vuta, mama. Nipo hapa. Hatakunyang'anya tena."

Marcia alimshika dada yake mkono, akaushusha polepole.

"Siumwi, dada, mrudishie dawa yake," alisema. "Daktari anasema hafiki Krismasi, na hiyo ndiyo nyama ya kwanza kukaa tumboni mwake tangu Jumapili."