Punje Moja ya Njegere

Siku ya tatu sikutulia. Samaki wetu wa dhahabu alikuwa bado anaelea tumbo juu, akichezesha mapezi bila kwenda popote. Muuza samaki alisema kavimbiwa: asipewe chochote siku tatu, kisha apewe punje moja ya njegere, iliyochemshwa na kumenywa.

Nilipoipeleka sebuleni, nilimkuta mume wangu, ambaye tumenuniana wiki ya pili sasa, ameinamia tangi. Kwenye ncha ya kidole chake kulikuwa na punje ya kijani, imemenywa.

"Kumbe ulikuwa unamlisha?"

"Kila asubuhi, kabla hajavimbiwa. Nilidhani umemsusa kama ulivyonisusa mimi."

Mimi nilimlisha kila jioni, nikidhani hivyo hivyo.

"Muuzaji kasema moja tu," nilimwambia.

"Najua. Na mimi nilikwenda kumuuliza."

Mikono yetu yote miwili ilikuwa juu ya maji, kila mmoja na punje yake; hakuna aliyeurudisha wake.