Wimbo wa Tunu

Kila Ijumaa saa sita mchana, wimbo usiokuwemo kwenye chati ya nyimbo mia unafutwa kwenye simu zote nchini. Wimbo pekee wa marehemu binti yetu, Tunu, ulikuwa wa mia. Mimi na mume wangu Shomari tulikuwa tunaupiga tangu alfajiri kwa simu nne, chai imepoa mezani.

Saa tano na nusu, nyota wa mjini akaachia wimbo mpya. Majirani, hao hao waliolia msibani kwetu, wakaufungulia kwa sauti ya juu. Tunu akashuka mia na moja, akarudi mia.

“Baba Tunu, usipumzike!”

“Sipumziki, mke wangu.”

Hakubandua macho kwenye simu. Lakini chini ya meza mguu wake ulikuwa unafuata mdundo, na mdundo ule ulikuwa unaingilia dirishani.