Pamba ya Zizini

Milembe alitembea kutoka Dutwa kutafuta kitongoji alikozaliwa, akakuta pamba tupu. Hapakuwa na ua wa minyaa wala jiwe la kusagia. Tangu wahamishwe kwa malori enzi za Operesheni Vijiji, hakuna aliyewahi kurudi.

"Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?" mwenye shamba alimuuliza.

"Watu waliokuwa wakikaa hapa."

Yule bwana akacheka. "Hapa lilikuwa pori tu, mama. Hajapata kukaa mtu."

Milembe alikuwa akitazama katikati ya shamba, pamba ilipokuwa ndefu kuliko kwingine kote, majani yakiwa ya kijani kizito, imefanya duara kubwa.

"Hapo ndipo panaponilisha," akasema bwana yule kwa majivuno. "Tangu waje wanunuzi binafsi, hapo pameniezekea nyumba bati. Sijui udongo wake una nini."

Milembe alijua. Lilikuwa zizi lao. Na baba yake, kama wenye kaya wa zamani, alizikwa zizini humo, amefungwa katika ngozi ya fahali wake.

"Ingia tu, mama, uchume kidogo ukawashonee wajukuu mto."

Milembe akavua kandambili, akaziacha ukingoni mwa duara, akaingia peku.