Mstari wa Mwaka Huu

Katika mji ule, kila tufani ilipopita, watu walichora mstari kwenye ukuta wa soko la ufukweni kuonyesha maji yalifika wapi, kisha wakaandika mwaka. Mstari wa juu kabisa, wa mwaka uliomchukua mume wa Bi Kidawa, ulipita kichwa cha mjane huyo.

Mwaka huu kilele cha msimu wa tufani kilifika na bahari imetulia kama maji ya mtungini. Hakuna aliyeiamini. Watu walinong'ona majumbani, madirisha yamepigiliwa mbao.

Asubuhi hiyo Bi Kidawa alikuja na kopo la rangi. Akapiga magoti, akachora mstari chini kabisa, pale ukuta unapokutana na mchanga, akaanza kuandika mwaka.

"Kidawa! Msimu haujaisha!" jirani yake, Hamdani, alifoka kupitia upenyo wa mbao za dirisha lake lililotazama soko. "Unaichokoza bahari!"

"Yenyewe ndiyo iliyonianza," akajibu bila kugeuka. "Miaka yote inatuandikia. Leo naiandikia mimi."

Alipomaliza, akalipindua kopo tupu, akalikalia, uso baharini. Rangi ikiwa bado mbichi, wimbi jembamba lilipanda mchanga hadi kwenye vidole vya miguu yake.

Bi Kidawa hakurudisha mguu.