Povu Machoni

Povu lilipomwingia machoni, mzee alifumba macho, na papo hapo akahisi sakafu ya bafu inamkimbia.

Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa paa. Alitembea juu ya mabati akipiga soga, misumari mdomoni. Leo yuko kwenye sakafu tambarare, na hajui kama amesimama wima au anainama.

Nyayo zilizokufa ganzi hazikumwambia kitu. Kifaa cha kusikilizia alikiacha chumbani, hata maji aliyasikia kwa mbali. Alibakiwa na macho tu, nayo yalikuwa yanawashwa na sabuni.

Alibandika viganja ukutani. Vikateleza.

Mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa binti yake. Wiki nzima walikuwa wamebishana: binti hataki baba ajifungie bafuni, baba anasema yeye si mtoto.

"Baba! Uko salama?"

Jibu la kila siku lilimfika mdomoni, akalimeza. Alijishusha taratibu, mgongo ukisugua ukuta, mpaka akakaa chini. Akavuta taulo, akajifunika mapaja. Kisha akajiburuta, akapapasa mlango hadi akalipata komeo, akalivuta.

Mlango ulifunguka kidogo, ukasita.

"Naingia, baba," binti alipaza sauti. "Nimefumba macho."

Mzee alinyoosha mkono hewani, akapapasa huku na huku bila kumpata.

"Fumbua, mama," alisema. "Lazima mmoja wetu aone."